Kipimo Kilichokatishwa Ijumaa

Modestus Kamugisha alikuwa na mazoea ya kuushika udongo kabla hajamsalimia mtu. Akiingia kazini asubuhi, begi bado begani, alipita kwanza kwenye meza ya sampuli, akamega kipande, akakisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ndipo akageuka na kuuliza habari za wenzake. Maabara ile ilikuwa ndani ya bohari refu la bati huko Stafford, kusini-magharibi mwa Houston, na watu wake walikuwa wameshamzoea. Wilondja, Mkongo wa Uvira aliyepokea mizigo mlangoni, ndiye aliyekuwa hakosi neno.

"Mumuache kwanza," alikuwa akisema. "Anasalimia bibi yake ya kwanza."

Modestus alizaliwa Muleba, mkoani Kagera. Kazi ya udongo aliijulia Dar es Salaam, katika maabara ya serikali, ambako kwa miaka kumi na mmoja alipima udongo wa barabara ambazo nyingine zilijengwa na nyingine hazikujengwa. Mwaka 1994 alikwenda Texas kusoma shahada ya pili, kule Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Mkewe Flaviana, muuguzi, alimfuata na binti yao Pelagia akiwa bado mgongoni. Walipata makaratasi ya kuishi kwa bahati nasibu ya viza, na Flaviana alipopata kazi katika moja ya hospitali kubwa za Houston, wote wakahamia kusini.

Shahada aliipata. Lakini shahada haikumfanya mhandisi. Kule, ili mtu atie saini yake kwenye mchoro, lazima afanye mtihani wa jimbo, na ili aruhusiwe kuufanya anahitaji barua za wahandisi waliomsimamia kazi. Modestus alibaki fundi sanifu. Alipima, akaandika nambari, na wengine wakatia saini juu ya nambari zake. Kiangazi cha mwaka 2003, akiwa na miaka arobaini na saba, alikuwa amekusanya barua zote isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa juu ya meza ya mkuu wake, mzee wa Kitexas aliyeitwa Doyle.

"Msimu huu ukiisha tu, nitaisaini," Doyle alimwambia. "Umenifanyia kazi miaka mitano, sijawahi kurudia kipimo chako hata kimoja."

Maneno hayo Modestus aliyabeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Kazi kubwa ya msimu ule ilitoka mbali, kaskazini-magharibi ya nchi, kwenye mto mmoja baridi unaoshuka kutoka milima yenye theluji. Sampuli zake zililetwa Houston kwa ndege kwa sababu ardhi ya Houston yenyewe ni udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasua kuta za nyumba jua likiwaka, na maabara ile ilikuwa na jina kwa kuujua mfinyanzi.

Kwenye mto ule waliishi samoni. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mto uleule kuzaa. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia wake, hutaga, halafu huyafukia mayai. Maji safi yakipenya kati ya vijiwe, mayai hupata hewa. Lakini ukingo mmoja wa mto ule ulikuwa kilima cha mfinyanzi kilichokuwa kikiporomoka mwaka hadi mwaka. Mto ulikuwa unakula miguu ya kilima, kilima kinashuka, tope linaingia majini, linaziba changarawe kama lipu ya ukutani, na mayai yanakufa kwa kukosa hewa. Wenyeji wa asili wa bonde lile, ambao babu zao waliishi kwa samaki yule, walikuwa wameona samoni wakipungua hadi watoto wao wakawa wanawajua kwa picha.

Wenyeji hao ndio waliotafuta fedha na wahandisi. Mpango ulikuwa kuusogeza mto mbali na kilima, kisha kusimamisha chini ya kilima ukuta wa magogo makubwa yenye mizizi yake, ili maji yasiguse tena mfinyanzi, na tope litakalochuruzika libaki nyuma ya ukuta. Ili magogo yashike, ilibidi kukata mtaro mrefu kwenye miguu ya kilima chenyewe na kuyazika humo. Na yote hayo yafanyike ndani ya wiki chache za kiangazi, kabla samaki hawajaanza kupanda mto.

Mtaro uende kina gani, ukatwe kwa urefu gani kwa mara moja, kilima kiachwe na mteremko gani juu ya vichwa vya watu, yote yalitegemea nambari moja. Nambari hiyo huonyesha mfinyanzi ulioteleza zamani unaweza kujishikilia mara ya pili kwa kiasi gani. Ikiwa kubwa, chimba. Ikiwa ndogo, kaa mbali. Modestus ndiye aliyeitoa, mwezi wa Aprili: nyuzi kumi na tisa za pembe.

Mwanzoni mwa Agosti zililetwa sampuli tatu zaidi, za kuhakikisha tu, maana kazi ilikuwa imeshaanza. Modestus alikata kipande, akakiweka ndani ya kisanduku cha chuma chenye nusu mbili, ya juu na ya chini, akakibebesha uzito, akakizamisha majini. Mashine ikaanza kusukuma nusu moja juu ya nyingine, polepole hata jicho lisiione ikisogea, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Kila mzunguko uliulainisha udongo pale ulipokatika, hadi ukang'aa kama sabuni iliyotumika. Nguvu yake ilipoacha kushuka, aliandika nambari.

Nyuzi kumi na mbili.

Aliitazama. Akakagua uzito. Akakagua mashine. Akakokotoa tena kwa mkono, kwenye karatasi, kama walivyofundishwa Dar. Kumi na mbili.

Jumatano ile mchana aliitoa daftari ya Aprili kabatini. Mwandiko ulikuwa wake, safi, umesimama wima. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Baada ya wa nne alikuwa ameandika neno moja, "imetulia," na kupiga mstari. Pembeni palikuwa na tarehe, na siku: Ijumaa.

Hapo akakumbuka.

Ijumaa ile alikuwa na haraka. Mama mzazi wa rafiki yake Edson alikuwa amefariki Bukoba, na Wahaya wote wa Texas walikuwa wanakutana kwa Edson kule Mansfield kumpa pole. Modestus ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao. Safari ilikuwa ya saa nne na nusu, Flaviana alikuwa anamngoja garini, injini inanguruma. Kipimo kilikuwa mzunguko wa nne. Nambari mbili za mwisho zilikuwa karibu kufanana. Alijua kwamba karibu kufanana si kufanana. Alijua mfinyanzi wa namna ile huweza kwenda mizunguko minane, hata kumi. Akazima mashine, akaosha mikono, akaenda msibani.

Hakuna aliyejua. Daftari ilikuwa yake peke yake kuisoma. Akinyamaza, wahandisi wangeziona nambari mbili tofauti, wangesema ardhi haifanani kila mahali, wangechukua ya katikati na kuendelea. Mambo kama hayo hutokea.

Katika chumba cha unyevu, ambako sampuli za zamani huhifadhiwa zisikauke, kulikuwa na nusu ya bomba la sampuli ya Aprili, limezibwa kwa nta. Modestus alilitazama, kisha akamwita Wilondja amsaidie kulishusha.

"Hii si ilishaisha, kaka Modeste?" Wilondja aliuliza. "Hii ni ya mwezi wa ine."

"Haikuisha."

"Nani alisema haikuisha?"

"Mimi ndiye nasema. Shika upande wako."

Akaanza upya, na safari hii aliapa kuiacha mashine ifike mwisho wake.

Alhamisi, Ijumaa. Mashine ilienda na kurudi. Jumamosi asubuhi, mzunguko wa nne, nambari ilisimama kwenye kumi na tisa, ileile ya Aprili, na kwa saa nzima moyo wake ulitulia kidogo. Jumapili, baada ya misa, alimwomba Flaviana wapitie kazini mara moja. Flaviana alibaki garini na Pelagia, kiyoyozi kikipuliza, jua la Houston likiyeyusha lami. Modestus alirudi akiwa amebadilika uso.

"Kuna nini, Baba Pelagia?"

"Imeshuka. Kumi na sita. Na bado inashuka."

"Kumi na sita nini?"

Akamweleza pale pale, maegesho yakiwa matupu, yote, hadi habari ya Ijumaa na msiba wa Mansfield. Flaviana alisikiliza mikono ikiwa kwenye usukani. Kwa miaka mingi alikuwa amesoma vipimo vya watu wodini, alijua nambari inaweza kuua.

"Kwa hiyo kuna watu wanachimba sasa hivi?" aliuliza.

"Leo Jumapili, hawapo. Kesho ndiyo wanaanza sehemu ya katikati, yenye kina zaidi. Iko kwenye ratiba."

"Na barua yako?"

"Haijasainiwa."

Nyuma yao Pelagia alisema, "Daddy, can we go? It's hot."

"Mimi nilikuwa nakuharakisha siku ile," Flaviana alisema hatimaye. "Nilipiga honi."

"Honi haikuzima mashine, Mama Pelagia. Mimi ndiye niliyeizima."

Flaviana akaliondoa gari. Walipofika barabara kuu akasema, bila kumtazama, "Kesho mapema uende kwa Doyle. Usingoje imalizike. Mgonjwa akianza kushuka presha, hatungoji afike chini kabisa ndipo tumwite daktari."

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nambari ilikuwa kumi na nne. Modestus aliichukua daftari ya Aprili na karatasi mpya, akagonga mlango wa Doyle, akamweleza akiwa amesimama. Hakuficha kitu. Doyle alivua miwani. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini, na alipokasirika sauti ilishuka zaidi.

"Unaniambia ulikatisha kipimo."

"Ndiyo."

"Na hiki ulichoniletea sasa kimefika mwisho?"

"Bado. Kesho, au keshokutwa. Lakini inashuka, bwana. Leo wanaingia katikati. Tuwapigie wasimamishe, siku mbili tu."

"Siku mbili za msimu wa wiki sita." Doyle aliigeuza daftari upande wake, akasoma lile neno "imetulia" kwa muda mrefu ingawa hakulielewa. "Modestus, kipimo nusu ndicho kilichotufikisha hapa, kwa maneno yako mwenyewe. Sasa unataka nisimamishe mradi mzima kwa kipimo nusu kingine? Nenda ukamalize. Jumatano uniletee nambari kamili, nikae na wahandisi. Na kule kwenye mradi usizungumze na mtu. Maneno yanatoka ofisini kwangu."

Kwa kanuni, Doyle hakukosea. Modestus alirudi mezani kwake. Mashine ilikuwa inasukuma. Juu ya mashine palibandikwa karatasi ya ratiba kutoka kule mtoni, na mstari wa siku ile ulisema: mtaro, sehemu ya katikati, wafanyakazi kumi na mmoja. Alisoma mstari huo akaurudia. Akajaribu kuandika lebo za sampuli nyingine, akaandika jina la mto uleule mara mbili.

Saa tatu kasorobo, mzunguko mwingine ulikamilika. Kumi na tatu na nusu.

Simu ya maabara ilikuwa ukutani, karibu na mlango wa mizigo. Namba ya kule ilikuwa kwenye ratiba. Wilondja alimwona akiinua mkono wa simu, akaacha kufagia.

"Kaka, patron alisema—"

"Nimesikia alivyosema."

Kule ilikuwa bado asubuhi mbichi, saa mbili nyuma. Simu ilipokewa na mwanamke. Jina lake Marlene, mwenyeji wa bonde lile, msimamizi wa mradi kwa niaba ya watu wake. Modestus hakuwahi kuzungumza naye. Nyuma ya sauti yake zilinguruma mashine, na mahali fulani mtu alikuwa anapiga mluzi.

Alijitambulisha. Akasema nambari mnayochimba kwayo si sahihi. Akataja kumi na tisa, akataja kumi na tatu na nusu, akasema bado inashuka.

"Wewe ni mhandisi?" Marlene aliuliza.

"Hapana. Ni fundi wa maabara."

"Mkuu wako anajua unanipigia?"

"Hapana. Amenikataza."

Mashine zikanguruma.

"Na ile nambari ya kwanza, ile ya Aprili," Marlene alisema polepole, "ilikuwa ya nani?"

Modestus aliweka paji la uso ukutani. Ukuta ulikuwa wa bati, na tayari ulikuwa wa moto.

"Ilikuwa yangu."

Alingoja atukanwe. Alingoja simu ikatwe. Sauti ya mwanamke ilirudi ikiwa imebadilika, imekuwa kavu na fupi.

"Usikate simu."

Akasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Akasikia buti kwenye kokoto, halafu mayowe, halafu honi ya gari iliyobanwa bila kuachiwa. Mashine moja ikazimika. Baada ya muda, ya pili. Ya tatu iliendelea peke yake kwa muda ulioonekana mrefu mno, na Modestus, maili elfu mbili mbali, akajikuta anasema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, maneno ya sala ambayo kinywa chake hakikuwa kimeyatamka tangu utotoni. Kisha nayo ikazimika. Akasikia maji ya mto. Hakuwa ameyasikia kabla ya hapo.

"Wametoka," Marlene alisema. "Kumi na mmoja. Sasa nitafutie sababu ya kumwambia mkandarasi, maana anakuja kwangu na uso mwekundu."

Adhuhuri Doyle alimwita. Hakupayuka. Alisema mkandarasi amepiga simu, mwanasheria amepiga simu, na kwamba Modestus aende nyumbani hadi aitwe. Modestus aliomba jambo moja tu, mashine isizimwe. Doyle akamtazama. "Haitazimwa," alisema.

Jumanne ilikuwa siku ndefu. Modestus aliosha vyombo, akakata nyasi ambazo hazikuwa zimeota, akakaa karibu na simu. Wilondja alimpigia wakati wa chakula cha mchana, akinong'ona kama mwizi. "Kumi na mbili, kaka. Imesimama. Doyle mwenyewe anaiangalia, hakula." Lakini kule mtoni kilima hakikutikisika. Mabomba ya kupimia yaliyozikwa ndani yake hayakuonyesha kitu. Jua liliwaka, anga safi. Mkandarasi alisema fundi mmoja mwenye hofu huko Texas amemwibia siku mbili, na samaki hawatamngoja.

Jumatano hivyohivyo. Jioni Flaviana alirudi kutoka Houston mjini, akamkuta amekaa mezani na karatasi za mtihani wa jimbo mbele yake, hajafungua ukurasa.

"Kama hakitaporomoka?" Modestus alisema. "Kama nimewaharibia msimu bure?"

"Unataka kiporomoke?"

Hakuwa amejiuliza hivyo. Alifikiri. "Sitaki," alisema. Halafu, kwa sababu alikuwa anazungumza na mkewe, "Sijui. Mungu anisamehe, sijui."

Flaviana alizikusanya zile karatasi, akaziweka juu ya friji, akampa kitunguu na kisu amsaidie kupika.

Wahandisi waliichukua ile kumi na mbili kama tofauti ya ardhi tu, na kwa kuwa mabomba hayakuonyesha kitu, Alhamisi ilikubaliwa kwamba watu warudi mtaroni adhuhuri. Marlene alikataa kutia saini, lakini mkandarasi alitia yake. Saa nne asubuhi, saa za kule, mwendesha katapila mmoja alishuka hadi ukingoni kuchukua koti lake aliloliacha Jumatatu. Akaona mstari wa maji ukitoka katikati ya ukuta wa mtaro, mahali palipokuwa pakavu. Aliacha koti. Alipanda mbio, na alipogeuka, kilima kilikuwa kinakuja. Hakikuanguka kwa kishindo, alisema baadaye. Kilikaa chini, kama ng'ombe anavyolala, miti ikiwa bado imesimama juu yake. Mtaro ulijaa. Katapila lilifukiwa hadi dirishani.

Simu ililia nyumbani Stafford mchana. Modestus aliikamata kabla haijalia mara ya pili.

"Hakuna aliyeumia," Marlene alisema. Alikuwa anapumua kwa taabu. "Nimewahesabu mwenyewe. Mara tatu."

Modestus aliketi sakafuni.

"Nakuambia hili pia, kwa sababu ulinieleza ukweli," Marlene aliendelea. "Mto umekuwa wa kijivu. Samoni wa kwanza walikuwa wameshafika darajani. Hawa wa mwaka huu hawatazaa, au watazaa kwenye tope. Bibi yangu ana miaka themanini na nane, alikuwa ananiuliza kila siku mradi umefika wapi. Sijui nitamwambia nini."

"Nisamehe," Modestus alisema.

"Watu kumi na mmoja wanakwenda kula kwao leo," alijibu. "Hayo mengine niachie. Nina hasira, lakini si hasira ya kukutosha wewe peke yako."

Mwezi uliofuata maabara ilimwachisha kazi. Barua ilisema fundi alikiuka utaratibu wa upimaji, na hilo lilikuwa kweli. Haikusema kwamba alijitaja mwenyewe. Doyle ndiye aliyembebea sanduku la vitu vyake hadi kwenye gari. Waliposimama pale, mzee alimshika bega. Barua ya mtihani haikuzungumzwa tena.

Modestus alipata kazi Pearland, katika kampuni ndogo ya kupima zege. Alizunguka kwenye majengo yanayoinuka, juani, akijaza zege kwenye mitungi ya plastiki na kuiandika tarehe. Ilikuwa kazi ya vijana. Mgongo ulimuuma. Mwanzoni alikuwa akiamka na kusikia ile mashine ya tatu ikinguruma peke yake bila kuzimika. Kila kipimo alikiachia muda wake wote, hata wenzake wakimngoja garini, na wapo waliomwona mgumu. Msiba ukitokea, na kwa Waafrika wa Texas misiba haikukosekana, alifika kesho yake.

Mhandisi mpya wa mradi wa mtoni alimpigia mara mbili, akimuuliza jinsi kile kipimo cha mwisho kilivyokwenda, mzunguko kwa mzunguko. Modestus alimsomea kutoka kichwani. Safari hii walichora kwa kumi na mbili: hakuna mtaro mrefu, ila vipande vifupi vinavyochimbwa na kufukiwa siku hiyohiyo, na ukuta wa magogo ukae mbali zaidi na kilima. Ulimalizika kiangazi cha mwaka 2005. Barua ya mtihani, hatimaye, aliandikiwa na mwenye kampuni ya zege, ambaye naye alikuwa mhandisi. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alipita.

Vuli ya mwaka ule, 2007, yeye na Flaviana walipanda ndege kwenda kaskazini. Marlene aliwapokea uwanjani. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Katika gari alimtania Flaviana kwa koti jembamba alilovaa, akampa la kwake. Bibi yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, alisema alipoulizwa; alikuwa ameuona ukuta, samaki hakuwaona.

Waliacha gari juu, wakashuka kwa miguu. Kilima kilikuwa pale, uchi, cha kijivu, kikiendelea kuchuruzika kidogo kidogo, ila tope lake lilikuwa linaishia nyuma ya magogo, limetulia kwenye mabwawa, majani yameanza kuota juu yake. Upande wa huku maji yalipita meupe, ukaona kijiwe kimoja kimoja. Modestus alisimama mgongo ukiwa umegeukia mto, macho kwenye kilima, hadi Marlene akamvuta mkono.

"Si huko," alisema. "Hapa. Inama."

Mahali penye maji ya magotini, jike la samoni, refu kama mkono wa mtu, lenye mapezi yaliyochakaa, lilikuwa limelala ubavu. Likapiga mkia, mara mbili, mara tatu. Tope jepesi liliinuka na kuchukuliwa na maji, na chini yake changarawe ikabaki safi. Likapumzika. Likapiga tena.

"Anafanya nini?" Flaviana aliuliza kwa kunong'ona.

"Anachimba," Modestus alisema.

"Atachukua muda gani?"

Marlene alisema inaweza kuwa siku mbili, hata zaidi. Flaviana alitazama saa, maana ndege yao ilikuwa jioni ileile, kisha akatafuta gogo lililo kavu, akakaa, akamwachia mumewe nafasi pembeni yake.